Watu wa Bwawani Walivyofika Ibra

Nitaanza na moshi, maana moshi ndio uliotuharibia.

Ilikuwa miaka ya sabini, na hatujamaliza hata mwaka Ibra, huku Omani. Wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kumtazama wifi yangu. Hawakusema wanakuja kumtazama. Walituma salamu tu kwamba watapita kunywa kahawa. Lakini mtaa mzima ulijua kuwa kijana wa jirani, yule aliyekuwa akileta vitabu vya skuli kutoka Maskati kwa Landrova, amemtaka wifi yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, na kwamba mama yake kijana hajaridhika. Bila ya ridhaa ya mama yule hapakuwa na ndoa. Kijana alikwishasema hatamvunjia mama yake heshima. Wifi yangu naye alikwishaniambia, kajifunika kanga uso mzima, kwamba kama si huyu basi hataki mwengine.

Basi tukajitayarisha. Mama mkwe wangu aliamka alfajiri akapika visheti na sambusa, na mimi nikasugua dele la kahawa mpaka nikaiona pua yangu ndani yake. Wageni walipoingia na kukaa kwenye majamvi, tukafanya kama tulivyolelewa Unguja: kabla ya chochote, mgeni anafukizwa. Wifi yangu akatoka na chetezo, udi ule mzuri tuliokuwa tumeuweka kwa siku kubwa, akampitishia kila mgeni kuanzia mama yake kijana, mikononi, kwenye mtandio, chini ya nguo. Alikuwa amependeza mno.

Wageni wakatazamana. Wakanywa finjani moja moja, wakaitikisa kuonesha wametosheka, wakanyanyuka, wakaenda zao. Visheti havikuguswa. Sambusa zilikuwa bado zinachuja mafuta jikoni.

"Kwani tumewafanya nini?" aliuliza mama mkwe, na mimi nikala sambusa.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja wa kibedui aliyekuwa akituletea samli, ambaye watu wake walikuwa wakishuka soko la Sinaw na mbuzi. Tulipomhadithia alicheka mpaka akashika ubavu. Huku, alisema, udi ni wa mwisho. Mwenye nyumba akileta chetezo maana yake mazungumzo yamekwisha na mgeni ashike njia. "Nyinyi mmewaambia watoke kabla hawajakaa," alisema, akacheka tena.

Mama mkwe hakucheka. Alimtuma bibi huyo huyo aende kwa mama yake kijana, amweleze na amwombe radhi. Jibu lilirudi siku ile ile, na bibi alilitoa huku akitazama chini: "Watu wasiojua hata adabu ya moshi watanilelea wajukuu gani? Hao ni Zinjibari. Mwanangu ataoa kwetu."

Sikuweza kulimeza hilo. Kule tulikotoka tulifukuzwa kwa sababu ni Waarabu. Tumekuja huku, kwenye nyumba ya udongo aliyoijenga babu yake mume wangu, tunaambiwa si Waarabu, ni Zinjibari, watu wa Unguja. Walitucheka tunavyosema Kiarabu chetu cha chuoni, wakatucheka tunavyopika ndizi, na watoto walitukimbilia nyuma wakituigiza. Mimi ulimi wangu hauna mlango, na siku ile nilivaa buibui niende kwa mama yule nikamwambie yake. Mume wangu alikuwa kazini Maskati, kwa hiyo hapakuwa na wa kunizuia isipokuwa mama yake.

"Kaa chini, mwanangu," aliniambia. "Ukigombana naye utampa anachokitafuta. Atasema, mnawaona?"

Nikakaa. Si kwa kupenda.

Inafaa nieleze mama mkwe wangu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi sikio moja, na alikuwa amesomesha skuli Unguja miaka mingi kabla ya mapinduzi. Alifiwa na mume Dubai, tukiwa njiani bado hatujajua tutaishia wapi. Alipoondoka Unguja alibeba msahafu, nguo, na kichwa cha charahani, na chini ya charahani aliweka kitabu kinene cha Kiingereza ili chuma kisigongane na sanduku. Hakukichagua kitabu hicho; ndicho kilichokuwa karibu. Jalada lilikuwa limeshang'oka. Kilikuwa hadithi ya zamani za kale, ya ngome na wafalme na joka, na mama mkwe alikuwa amekisoma mara nyingi mno, kwa sababu kwa miaka mingi hakuwa na kingine.

Asubuhi moja, baada ya yale ya udi, alichukua beseni la nguo akaniambia, "Twende falajini."

Nilishangaa. Falaji ni ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka kwenye mashamba ya mitende, na wanawake wa mtaa wote walikuwa wakifulia pale, kwenye mawe, chini ya kivuli cha ukuta. Sisi tulikuwa tunafulia uani, tuepukane na macho. Lakini mama mkwe alishatoka na beseni kichwani, nami nikamfuata.

Wanawake walikuwapo, na mama yake kijana alikuwa amekaa juu yetu kidogo, pale maji yanapoingilia, mahali pa mwenye heshima. Tulitoa salamu. Wachache waliitikia. Mama mkwe akachagua jiwe, akalowesha nguo, kisha akanigeukia akaanza kunihadithia hadithi. Kwa Kiarabu! Mimi na yeye, ambao tangu nilipoolewa hatujawahi kusemezana ila Kiswahili! Hapo nikajua kuwa hanihadithii mimi.

"Palikuwa na mji," alisema, "una ukuta na ngome."

Kiarabu chake kilikuwa cha ajabu. Alichanganya maneno ya msahafu na maneno ya sokoni, na lilipompotea neno alilizunguka kwa mikono yenye povu. Wanawake wawili wakaanza kucheka. Lakini walipomaliza kucheka hawakurudi kwenye maneno yao.

"Ngome kama ya Nizwa?" aliuliza mmoja, bibi harusi mdogo aliyekuja kutoka Al Qabil.

"Kubwa kuliko ya Nizwa."

"Hakuna kubwa kuliko ya Nizwa."

Mama mkwe akafikiri. "Basi sawasawa na ya Nizwa," alisema, na mambo yakaenda vizuri.

Nje ya ukuta, alihadithia, walikaa watu wa bwawani. Walikuja zamani kutoka ng'ambo, hakuna aliyekumbuka lini. Waliruhusiwa kuingia mjini kufanya kazi, lakini lazima wafunge kitambaa cha kijivu mkononi ili wajulikane. Hawanunui mkate mpaka wenyeji wamalize. Wakiona kiu, wanapewa maji kwa chungu kilichomeguka mdomo, ambacho hakuna mwenyeji anayekigusa. Na magharibi kengele ikilia, lazima watoke, hata mvua ikiwa inanyesha. Miongoni mwao alikuwamo msichana, mwerevu, anajua kutengeneza viatu vya farasi kuliko wahunzi wa mji, na hakuna aliyemwita kwa jina lake.

"Allah!" alisema mwanamke mmoja. "Mgeni ananyimwa kikombe?"

"Hao watu wa ngome ni Waislamu?" aliuliza mwengine.

"Si Waislamu," alisema mama mkwe.

"Ndiyo maana," walisema wote, wakaridhika.

Nguo zilipokwisha, hadithi haikuwa imefika popote. Mama mkwe akakamua, akapanga, akasimama. Bibi harusi wa Al Qabil akamshika pindo la kanga amwambie kilichompata msichana. "Kesho, inshallah," alisema mama mkwe. Sijui alitoa wapi nguo chafu za kila siku. Wiki zile tulifua hata mapazia yaliyo safi.

Na kila tulipokwenda, walikuwapo wengi zaidi. Waliotupita bila ya salamu walianza kutuwekea jiwe. Joka lilipotokea kwenye hadithi, likachoma mashamba ya ngano, watu wa ngome wakasema ni watu wa bwawani waliolileta. Walikwenda kuzichoma nyumba zao za matete. Hapo mwanamke mmoja, ambaye tangu tufike Ibra hajawahi kunirudishia salamu hata moja, na ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akisema Zinjibari wameleta joto mwaka huu, aliipiga nguo kwenye jiwe kwa hasira akasema, "Laana iwashukie watu wa mji ule! Hawamwogopi Mungu!"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa na maneno tayari, kwa Kiarabu fasaha kabisa, hasira hunipa Kiarabu. Mama mkwe alinikanyaga kidole ndani ya maji. Alinikanyaga barabara.

Njiani nilimlalamikia. "Mama, kwa nini hukuniacha? Walikuwa wanajitukana wenyewe! Ilikuwa niwaambie tu."

"Wameanza kumpenda yule msichana," alisema. "Ukiwaambia leo kwamba yule ni sisi, watamchukia na yeye."

Nimesomeshwa na walimu wengi, na baadaye mwenyewe nimesomesha, huko Sur na hapa. Sijapata kusikia neno la kisomo lililonikaa kama lile, na lilisemwa na mtu aliyebeba beseni. Nilianza siku ile kumtazama mama mkwe wangu kwa jicho jengine. Mpaka hapo nilidhani ni mpole kwa sababu ni mwoga. Kumbe mwoga alikuwa ni mimi, na hasira zangu zote.

Mama yake kijana, muda wote huo, alitupa mgongo akafua. Lakini jicho langu ni la umbea, na niliona kwamba beseni lake lilikuwa linashuka. Mwanzo alikaa juu kabisa. Baadaye akawa karibu na ngazi. Kisha nikamwona amekaa jiwe la pili kutoka kwetu, mahali ambapo maji yameshapita kwa watu wengine na yana povu la sabuni zao, na yeye mwanamke wa daraja lake!

Nyumbani wifi yangu alikuwa anakonda. Alikwenda skuli, akasomesha, akarudi, akakaa kwenye kona na madaftari ya watoto. Tulisikia kuwa kijana ameshatajiwa binti wa ami yake, na kwamba amesema asubiriwe kidogo. Kusubiri huko hakuwezi kuwa kwa milele, sote tulijua. Nilimuuliza mama mkwe hadithi itafika lini mwisho, na mwisho wenyewe utatusaidia nini. "Sijui," alisema. Lile lilinitisha, maana nilikuwa nimeshaamini kwamba anajua.

Mwisho ukafika. Msichana wa bwawani alikwenda peke yake mlimani, akalivizia joka limelala, akaliua kwa chuma alichokifua mwenyewe. Mfalme akaamuru mlango wa mji ufunguliwe. Kitambaa cha kijivu kikakatwa mkononi mwake mbele ya watu wote, akapewa nyumba ndani ya ukuta. Wanawake wakapiga vigelegele pale falajini mpaka wanaume waliokuwa mashambani wakasimama kutazama.

Mama mkwe alingoja watulie. "Mimi mwisho huu siupendi," alisema.

"Kwa nini?" alilia bibi harusi wa Al Qabil. "Si wamempokea?"

"Wamempokea kwa sababu ameua joka. Na angekuwa hakuua? Angekuwa msichana tu, anajua kupika kidogo na kusomesha watoto, na joka analiogopa kama mimi na wewe? Angebaki nje?"

Maji yalikuwa yanapita. Mama yake kijana alikuwa ameshika kanzu ya mwanawe anaikamua, na akaendelea kuikamua ingawa haikuwa na tone tena. Kisha akasema, bila ya kugeuka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutusemesha tangu siku ya moshi:

"Ya ukhti, dada yangu. Hao watu wa ngome. Ni sisi?"

Wanawake wengine waliinama kwenye mabeseni yao. Mimi ningesema ndiyo, na ningesema kwa sauti.

"Hapana," alisema mama mkwe. "Ni mimi."

Akavua miwani, akaifuta na pindo la kanga lililolowa, ikawa chafu zaidi. Akaeleza, kwa Kiarabu chake kile cha kuokoteza, kwamba nyumbani kwao Unguja, yeye akiwa msichana, walikuwa wakija watu kutoka huku Omani, maskini, kutafuta riziki, wakiuza kahawa njiani na kubeba magunia. Wenyeji wa mji, Waarabu wenzao waliozaliwa kule, wakawaita Wamanga na kuwacheka lafudhi. Mmoja alikuwa akipita kwao mchana, mwingi wa adabu, akiomba maji. Nyuma ya mlango wao kulikuwa na kopo limening'inizwa kwa kamba. "Vikombe vilikuwapo kabatini," alisema mama mkwe. "Mama yangu alinifundisha kumpa Mmanga kwa kopo. Nilimpa kwa kopo miaka, na wala sikuona kitu. Hadithi hii niliisoma kitabuni nikiwa hapo hapo kwetu, nikawalilia watu wa bwawani, na kopo liko nyuma ya mlango."

Mama yake kijana aliiweka chini kanzu ya mwanawe.

"Kaka yangu alikaa Zinjibar," alisema. "Alirudi mzee kabla ya umri wake. Hakutuhadithia lolote. Lakini mpaka anakufa, hata tukiwa safarini, hakunywea kopo. Alikunywa kwa viganja. Tulimcheka, tukasema ni tabia ya kibedui. Sikuwahi kumuuliza."

Akachukua beseni lake, akapanda ngazi, akaenda zake. Nilidhani hapo ndipo tulipomalizikia. Nilimtazama mama mkwe nikataka kumwambia, sasa umefanya nini, umempa sababu ya kutuchukia ambayo hakuwa nayo. Lakini uso wake ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikanyamaza bila ya kukanyagwa. Nilibeba mabeseni yote mawili.

Siku zilizofuata hatukwenda falajini. Mama mkwe alisema hana hadithi nyingine. Alikaa na charahani lake akishona sare za watoto wa skuli, na wifi yangu alikaa kwenye kona yake, na mimi nikawa napika vitu ambavyo havikuliwa.

Kisha asubuhi moja nilikuwa uani nikasikia sauti za wanawake mlangoni, wengi. Hatukuletewa salamu kwamba wanakuja. Hapakuwa na visheti wala sambusa, dele lilikuwa jeusi, na mimi nimejifunga kanga ya kuoshea vyombo. Mama mkwe alitoka na uzi mdomoni.

Mlango ulikuwa wazi. Mbele ya wote alisimama mama yake kijana, amevaa nguo zake za sikukuu, na mikononi alikuwa ameshika chetezo. Kimewashwa. Alikuwa amekibeba kutoka nyumbani kwake, akapita nacho njia nzima, mbele ya watu, mchana, moshi unamtangulia.

Aliingia, akamwendea mama mkwe wangu, akamfukiza mikono, akamfukiza kanga yake kuukuu ya nyumbani, akainama akamfukiza na chini, kama afanyiwavyo mgeni mkubwa kwetu. Kisha akamwita wifi yangu kutoka kwenye kona, akamfukiza na yeye, taratibu, nywele na yote, na alipomaliza akamshika kidevu akamtazama vizuri.

Wale wanawake wengine walikuwa wamechanganyikiwa. Walikuwa wamekaa, na udi unazunguka, na mwili wa mtu wa Ibra ukinusa udi unanyanyuka wenyewe. Yule aliyewalaani watu wa ngome alikuwa ameshasimama na ameshavaa ndara.

"Kaeni," mama yake kijana aliwaambia. "Katika nyumba hii moshi ni wa kuingilia."

Wakakaa. Nikakimbilia jikoni kuteleka kahawa, na kwa kuwa finjani zilikuwa hazitoshi, mama yake kijana aliomba anywe kwenye kikombe anachonywea mama mkwe mwenyewe. Mama mkwe alimpa kwa mikono miwili. Miwani ilikuwa imejaa maji, na yeye ambaye hakulia tulipoiacha Unguja wala tulipomzika mumewe, alilia hapo mbele ya mtaa mzima bila ya kujificha.

Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri, tunazungumza harusi. Hakuna aliyetuuliza kama tumeua joka.